Bibi Harusi wa Lori Namba 41

Sipendi kuisimulia habari hii, na kwa miaka mingi nikisikia mtu ameanza kuitaja nilikuwa nainuka na kusema naenda kuangalia kuku, lakini kwa kuwa imeshasimuliwa na kila dereva kati ya Mpemba na Nakonde, na kila mmoja anaiongezea chumvi yake (yupo anayesema nililia, sikulia, ni vumbi la yadi), naona afadhali niiseme mwenyewe ilivyokuwa. Mimi Yona, mzee wa miaka hamsini na minane wakati ule, mwenye cheti cha kidato cha nne na sifa ya kuwa mtu makini, nilimzuia mwanangu asivuke mpaka wa nchi siku ya harusi yake, akiwa amevaa shela, mbele ya yadi nzima ya malori, na chombo nilichomzuilia nilikitengeneza kwa mikono yangu. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Kila nikitafuta wa kumkasirikia napata watu watatu wanne wa kuanzia, halafu mwishoni najikuta nimesimama mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Mbeya, na Tunduma ilikuwa imefurika malori ya kwenda Zambia na Kongo kiasi kwamba mtu angeweza kupika ugali, kuula, kulala na kuamka kabla lori lake halijasogea urefu wake. Alhaji mmoja mfanyabiashara kutoka Kondoa alifungua yadi ya kuyapanga. Ukifika unapewa karatasi yenye namba, unaegesha, unasubiri namba yako iwake kwenye ubao wa taa nyekundu juu ya geti la chini, na ikiwaka unatoka kwenda forodhani. Usipoonekana getini kwa dakika kumi, mashine inakupeleka mkiani mwa foleni bila kukuuliza ulikuwa wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ilipendwa kwa sababu mashine haina shemeji.

Mashine yenyewe ilikuwa ndani ya kibanda cha geti. Mimi nilikuwa ofisini, juu kabisa barabarani, mahali ambapo geti hulioni hata ukipanda juu ya meza. Injinia aliyetufungia mitambo, kijana mpole kutoka Mbeya mjini, alinifundisha kuifikia mashine ya getini kwa njia ya salama. Kompyuta yangu inabisha hodi kwa ufunguo wake wa siri, ile ya chini inautambua, na kuanzia hapo kila kinachopita kati yao kimefungwa, mtu wa kati hawezi kukisoma. Kisha unaomba kile walichokiita sheli (si ile ya mafuta, msinicheke, hata mimi niliuliza), yaani unafunguliwa uwanja wa kuongea na mashine ya mbali kana kwamba umekaa mbele yake, unaandika neno huku, linatendeka kule, jibu linarudi huku. Neno langu kubwa lilikuwa moja, «ita». Ukiandika «ita», lori la kwanza kwenye foleni linaondolewa kwenye orodha na namba yake inawaka ubaoni. Lilikuwapo pia neno «badili», la kubadilishana nafasi za malori mawili, kwa ajili ya dharura.

Kuandika kwa mkono kila baada ya dakika kumi kulinichosha vidole, nikaomba kitabu, nikasoma miezi mitatu nikiwa na kamusi pembeni, na nikaandika programu yangu ya kwanza na ya mwisho. Ilikuwa fupi, inajaza ukurasa mmoja tu. Inabisha hodi yenyewe, inaonyesha ufunguo, inafungua sheli, inatuma neno, inapokea jibu, inasubiri dakika kumi, inatuma tena. Niliipenda kama mtu anavyompenda ndama aliyemzalisha mwenyewe usiku wa mvua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo nilipojichimbia. Kabla ya kompyuta nilikuwa mwendeshaji wa redio ya upepo. Tangu katikati ya miaka ya themanini, watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kuwa na malori yao kwa wingi, mimi ndiye niliyekuwa nakaa na kile kidude cha kubonyeza, naongea na madereva walioko porini, na kazi hiyo ina kanuni ambayo hata ukiniamsha usingizini nitakwambia: ujumbe unatumwa mara mbili. Unasema, halafu unasema «narudia», unasema tena. Upepo unakula maneno. Nimewahi kuona lori la mbolea likienda Kasama badala ya Kasumulu kwa sababu mwenzangu aliona uvivu kurudia. Miaka kumi na saba nimerudia kila kitu, mpaka mke wangu marehemu nikimwomba chumvi alikuwa ananiambia, «Nimesikia mara ya kwanza, Yona.»

Kwa hiyo katika programu yangu niliweka kila neno litumwe mara mbili.

Injinia alikuwa ameniambia, nakumbuka mpaka shati alilovaa, «Mzee, njia hii haipotezi hata herufi moja. Ukituma kitu kimefika, na kisipofika utaambiwa.» Nikaitikia ndiyo ndiyo, na moyoni nikasema, kijana, wewe hujakaa na upepo. Na kwa sababu majibu ya mashine ni marefu na yaliniumiza macho, nikaiagiza programu inionyeshe mstari wa mwisho tu. Tafadhali shikeni hayo mawili, yote ni yangu, hakuna aliyenilazimisha.

Bibi harusi alikuwa Enesi, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemchukua akiwa darasa la pili, yeye na mdogo wake mchanga, na ambaye hajawahi kuniita kwa jina jingine zaidi ya baba. Alikuwa anaolewa ng'ambo, kwa Wanamwanga wenzetu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Nakonde, ibada saa nane mchana kwa saa zetu, na mchungaji wao alishatuma neno kwamba ana makanisa matatu na hasubiri mtu. Mimi ndiye wa kumpeleka madhabahuni. Tulikodi Fuso la Hamisi, dereva mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma kwa safari ya siku mbili na akakaa miaka ishirini, tukapakia kitanda, kabati, masufuria na magodoro, akina mama wakapanda nyuma na ngoma zao, na mbele karibu na dereva wakakaa Enesi na dada yangu Eliza, shangazi wa bibi harusi, mwanamke ambaye nikimtaja tu kichogo kinawasha.

Namba yao ilikuwa 41. Niliwapa jana yake, kwa haki, kama mtu mwingine yeyote. Eliza aliniuliza mtu mwenye ofisi nzima anashindwaje kumsogeza mwanawe mbele, nikamjibu kwa sauti ya watu wote kusikia, «Foleni ni foleni, dada. Mwanangu atapita kwa haki.» Madereva waliitikia vizuri sana. Mmoja alinipa mkono.

Na ule uamuzi mdogo ulioleta yote ni huu: siku hiyo sikutakiwa kazini. Alhaji alinipa ruhusa siku tatu. Lakini ilikuwa ndiyo siku ya kwanza ya programu yangu, na nilitamani, tena nasema kwa aibu, nilitamani lori la mwanangu liitwe na kazi ya mikono yangu.

«Yona, leo kazi ya nini?» Eliza aliniuliza asubuhi, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya lori.

«Naenda kuwasha tu. Ikifika 41 nitakuwa nimeshashuka, napanda, tunaondoka.»

«Mtu anayekwenda kuoza mtoto anawasha nini?»

Saa mbili kamili nikawasha.

Foleni ilikuwa imefikia 21. Programu ikabisha hodi, ikafunguliwa, ikatuma «ita», ikatuma «ita». Kwenye kioo changu ukaja mstari mmoja, lori 22 limeitwa. Nikafikiri kumbe 21 waliitwa jana jioni. Dakika kumi, 24. Dakika kumi, 26. Nikanyoosha miguu. Simu ikalia, dereva wa 26 ananipigia akiwa njiani kwenda forodhani, anasema, «Mzee Yona, leo foleni inakimbia mno, Mungu akuzidishie.» Akapiga wa 28, naye vilevile. Na mimi, badala ya kujiuliza foleni ya binadamu inaanzaje kukimbia ghafla siku ya Jumamosi, nilikaa pale nikipokea sifa kama bwana harusi. Wale watu walijua. Nasema walijua. Mtu mwenye namba 28 ambaye nusu saa iliyopita alikuwa na malori saba mbele yake hawezi kuruka yote akadhani ni baraka. Wakanyamaza kwa sababu mambo yalikuwa yanawaendea wao, na hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Upande wa pili, waliorukwa walianza kupanda mlima kuja ofisini. Wa kwanza alikuwa yule wa 21, akasema hajaitwa. Nikamwuliza alikuwa wapi, akasema kwenye usukani. Nikacheka. «Kwenye usukani, au kwa mama lishe?» Akaja wa 23, nikamwambia alikuwa amelala. Wa 25 nilimwambia macho yake yanaonyesha alikesha. Akaja mzee wa Kizambia, Ba Mulenga (hiyo «Ba» kwao ni heshima), mtu mnene mtaratibu mwenye karatasi ya 39, akauliza kwa Kibemba kilichotulia, «Mudala, namba yandi ili kwi?» yaani mzee, namba yangu iko wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonyesha kioo changu nikamwambia mashine haijui kusema uongo, huenda ni yeye hajui kusoma taa. Mtu aliyenizidi umri. Alinitazama kidogo, akasema, «Ehe,» akashuka.

Kila aliyekuja alikuwa na namba witiri. Moja, tatu, tano, saba, tisa. Nilifundishwa witiri na shufwa darasa la nne, nikapata alama zote, na watu kumi walipita mbele yangu wameshika witiri mikononi sikuona kitu.

Saa nne kasoro robo nilikuwa natelemka kuelekea getini kupanda lori, nimetabasamu, nikakutana na Hamisi anapanda huku anafuta jasho la shingoni kwa kitambaa.

«Babu, umetuacha,» akasema. «Ubao umeandika 42.»

«Haiwezekani.»

«Basi 42 ameondoka na lori la njozi. Nenda kamwambie dadako haiwezekani, mimi nimeshindwa.»

Sikwenda. Nilirudi ofisini mbio, nikaangalia orodha, na kweli 41 ilikuwa mkiani, nyuma ya lori namba 80. Nikasema, basi ni mtandao. (Nchi hii ukikosea chochote sema ni mtandao, mtu atakuonea huruma.) Na kuhusu haki, nilijiambia haki yake ilikuwa ya kupita saa hii, kwa hiyo namrudisha tu alipokuwa. Nikachukua lile neno la dharura, nikaliweka ndani ya programu yangu ileile nzuri: badili 41 na 43, maana 43 ndiye aliyekuwa wa kwanza sasa. Nikabonyeza. Jibu la mwisho likasema nafasi zimebadilishwa. Nikashuka kwa mwendo wa mtu mwenye mamlaka.

Pale getini palikuwa pameshajaa. Eliza ameshuka kwenye lori, ameshika kiuno. Akina mama wa nyuma wameacha kupiga ngoma. Enesi yuko ndani, kioo kimefunguliwa nusu, ameinua shela kidogo ili apate hewa.

«Ilikuwa mtandao,» nikatangaza. «Nimeshaurekebisha. Lori linalofuata kuitwa ni 41. Hamisi, washa gari.»

Hamisi akawasha. Nikaweka mkono kifuani, na hilo hakuna aliyeniomba nilifanye, nikasema, «Kwa jina langu.»

Tukautazama ubao. Ukawaka 44.

Hamisi akazima gari. Eliza akaniambia polepole, «Jina lako ni arobaini na nne?»

Nyuma ya lori wale akina mama wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu bila kujizuia, na mmoja akapiga ngoma na kutunga hapohapo wimbo wa mtu mwenye ofisi anayeita malori ya wengine, na wenzake wakaushika, na mpaka wale wa mama lishe wakaacha sufuria wakaja kuusikiliza. Wimbo huo ulikuwa na beti nyingi na zote zilinihusu.

Mtu mwenye akili angekaa chini hapo. Mimi nilipanda tena mlima, nikasimamisha ule mwito wa kila dakika kumi foleni isizidi kusogea, nikabadili tena, nikaona 41 bado iko mkiani, nikarudi. Tena bure. Mfikirie mtu anayebadilishana kiti na mwenzake halafu wanabadilishana tena, kila mmoja amekaa alipokuwa, na mwenye kuwabadilisha amesimama anapongezwa na kompyuta kwamba kazi imefanyika. Kweli ilifanyika, tena mara mbili.

Mtu mmoja akashauri bibi harusi avuke kwa miguu, Nakonde si pale tu, atapata teksi. Eliza akamgeukia. «Mtoto wetu aingie kwa watu kwa miguu, bila kitanda, bila sufuria, kama aliyefukuzwa? Wewe wa kwako ulimpeleka hivyo?» Yule mtu akarudi kwenye lori lake akapandisha vioo.

Saa tano ilikuwa imepita, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto: lori lisipovuka kabla ya saa sita na nusu, mchungaji atakuwa ameshaenda kanisa la tatu. Enesi akaniita kwa ishara. Nikasogea dirishani.

«Baba, nisikudanganye, naogopa,» akasema. «Watafikiri nimekataa.»

Nikamwambia usiogope, mwanangu, na nikafanya jambo ambalo nililiona la kiume: nikaenda kuchukua kompyuta mpakato ya ofisini, nikashuka nayo mpaka getini, nikaiweka juu ya pipa mbele ya watu wote, nikasema, «Njooni mwone wenyewe. Mashine hii na ile zinaongea kwa njia ya salama, hakuna mtu wa katikati. Nabonyeza mbele yenu. Kama kuna mkono wa mtu, mtauona.» Nilikuwa nimekasirika, nilidhani kuna mtu ananihujumu, na nilikuwa nimeshaanza kumfikiria mlinzi wa geti, Tumaini, binti wa watu asiye na kosa lolote, nikamwambia asimame mbali na kibanda.

Watu zaidi ya mia wakautazama ubao. Nikabonyeza.

Ikawaka 45. Sekunde moja, hata haikutimia, kama mtu aliyefumbua jicho na kulifumba. Halafu 46.

Kwa miezi yote ile sikuwahi kusimama chini ya ubao nikiwa nabonyeza. Ofisini ilikuja 46 tu.

«Imewaka mara mbili,» Tumaini akasema kutoka kule nilikomfukuzia.

Hamisi akakaribia, akainama, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo watu wa mbele waliisikia, «Mzee Yona, niambie. Wewe kwenye hii kitu, unarudia?»

Huyu Hamisi alikuwa dereva nikiwa redioni. Nimerudia maneno kwake maelfu ya mara akiwa Makambako, akiwa Mpika, akiwa amekwama kwenye matope.

Nikafungua ukurasa wangu. Mstari wenyewe ulikuwa pale, niliuandika kwa uangalifu na hata nikauwekea maelezo kwa Kiswahili: tuma mara mbili usije ukapotea. Nikausoma. Masikio yakawaka moto. Nilitamani mtandao ukatike wakati huo, ukatike nchi nzima, na kwa mara ya kwanza tangu ufungwe haukukatika.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuufuta ule mstari kimyakimya, nikaandika kwa mkono, nikapitisha lori la mwanangu na kuendelea kusema mtandao. Hakuna ambaye angeelewa isipokuwa Hamisi, na Hamisi alikuwa anasubiri kuondoka. Lakini Ba Mulenga alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na karatasi yake ya 39, ameikunja vizuri, na nyuma yake wale wengine tisa niliowaita walevi, wavivu na wasiojua kusoma.

Nikapanda juu ya lile pipa. Ngoma ikanyamaza. Nikasema hakuna mtandao mbovu, hakuna mchawi, hakuna aliyelala, hakuna aliyekuwa kwa mama lishe. Kila lori nimeliita mara mbili, na kila nilipoita mara mbili la kwanza lilipotea na la pili likapita, na walioonewa wote ni wenye namba witiri, na aliyewaonea ni mimi, kwa mazoea ya redio na kwa kiburi cha kutosoma majibu. Nikasema, «Ba Mulenga, nilikuvunjia heshima. Nisamehe.»

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini akaegemea tairi. Ba Mulenga hakucheka. Akasubiri wamalize.

«Huyu mtoto,» akasema kwa Kiswahili chake, akionyesha Fuso, «sisi tulio kabla yake ni kumi. Haki, sisi kwanza.»

«Ni kweli,» nikasema.

«Lakini harusi ni harusi. Apite.» Akawageukia wenzake, na wengine wakaguna, mmoja akasema lori lake lina nyanya zinaiva, lakini hawakumpinga. «Apite sasa hivi. Ila wewe, mudala, hupiti. Wewe unabaki hapa kwenye pipa. Utatuita mmoja mmoja, kwa kidole, mpaka wa mwisho. Ukiondoka, nani atatuita? Hii kitu yako tena?»

Nikaangalia huku na huku nitafute mtu wa kunipokea kazi hiyo. Mwingine aliyejua maneno yale ni injinia, naye alikuwa Mbeya. Nikamtazama Eliza, mwanamke ambaye tangu utotoni hajawahi kukosa la kusema, naye akatazama chini. Nikajua Ba Mulenga amesema haki.

Nikafuta programu, nikabisha hodi kwa mkono, nikafungua sheli, nikaandika badili, mara moja. Nikaandika ita, mara moja, na vidole vikataka kurudia nikavikunja. Ubao ukawaka 41 na ukabaki 41.

Enesi akashuka kwenye lori. Alishika gauni juu ya vumbi kwa mikono miwili, akaja mpaka kwenye pipa.

«Utakuja na lori la nyuma?»

«Sitawahi, mama.»

«Basi nani atanipeleka?»

Eliza akamshika kiwiko. «Panda, Enesi. Baba yako ana kazi ya watu.» Hakulisema kwa ukali, na ningependa angelisema kwa ukali.

Lori lilitoka getini saa sita na dakika tano. Lilipokwisha kupinda ndipo nilipokumbuka kwamba koti langu la suti lilikuwa limetundikwa ndani ya lile lori, nyuma ya kiti cha dereva.

Niliita malori mpaka saa kumi na mbili jioni. Moja moja. Namba ikiwaka nasimama chini ya ubao, nasubiri nione lori limetoka, ndipo naandika tena. Ba Mulenga alipopita alipiga honi. Wale wa shufwa walioondoka asubuhi wakinisifu hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza nimefikia wapi.

Walifika kanisani saa nane na nusu. Mchungaji alikuwa ameshaweka vitabu kwenye mkoba, akakubali kuvitoa, kwa sharti kwamba iende haraka, na alipouliza mwanamume wa upande wa binti yuko wapi, Eliza aligeuka huku na huku akaona hakuna, akamvuta Hamisi aliyekuwa nje anakagua tairi, akamvika koti langu, akamwambia, «Twende, wewe umemfikisha.» Hamisi akamwambia, «Shangazi, mimi Mwislamu,» naye akamwambia kutembea hatua ishirini hakubatizi mtu.

Picha ipo. Imetundikwa sebuleni kwa Enesi, na ipo nyingine kubwa zaidi sebuleni kwangu, sikuwa na namna ya kuikataa. Mwanangu ametabasamu, ameshika mkono wa dereva wa Fuso, na koti langu limembana Hamisi mabegani na mikono imeishia karibu na kiwiko. Kila mgeni anauliza huyu ni nani, na mimi ndiye ninayeeleza. Enesi hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, jambo linalonikera kuliko nyimbo za akina mama wale, maana mtu akikulaumu unaweza kujitetea.

Injinia alikuja wiki iliyofuata, akasoma ukurasa wangu, akasema kwa upole wake uleule kwamba imeandikwa vizuri, isipokuwa pale. Nilimwambia najua ni wapi. Programu sijaandika tena na sitaandika. Kazi niliendelea nayo mpaka nikastaafu, kwa kidole, na kila nilipoandika neno nilikaa kimya nikasoma jibu lote, mstari kwa mstari, hata lile la urefu wa kurasa mbili. Mdogo wake Enesi anaolewa mwaka huu. Nimeshamwambia dada yangu nitakuwa kanisani tangu jana yake, nitalala hukohuko kwenye benchi, na koti nitalivaa kabla ya kutoka nyumbani.